NONDO WAJIFICHAO MSITUNI, NA JINSI YA KUWATAMBUA

Mkulima wa Msambweni aingiapo shambani mwake asubuhi, wakati machungwa yaanzapo kugeuka rangi, huenda akayakuta kadhaa yameanguka chini. Akiokota moja na kuligeuzageuza, huona kitundu kidogo cha mviringo, kana kwamba mtu amelichoma tunda kwa sindano, na maji yanatoka humo. Baada ya siku chache mahali pale huwa laini, huingia rangi ya kahawia, na tunda zima huoza. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema ni popo, wa pili husema ni nyuki, wa tatu huwashtaki watoto wa jirani, na wa nne huenda dukani kununua dawa ya kunyunyiza, naye hajui dawa hiyo imwue nani.

Walakini huenda mwenye kosa yupo hatua chache tu kutoka hapo. Ametulia mchana kutwa kichakani, na watu wanampita karibu wala hawamwoni, kwa sababu wanadhani ni jani kavu. Huyo ni nondo. Wahenga walisema, "Usilolijua ni usiku wa giza," na mdudu huyu hufanya kazi yake katika usiku wa giza hasa.

Misitu ya Kwale, tangu Shimba Hills mpaka Gongoni, Buda, na makaya yaliyo karibu na bahari ya Diani, ina nondo wa aina nyingi sana wanaojificha kwa namna hiyo. Wageni huenda Shimba Hills kutazama ndovu na palahala, lakini ni wachache watazamao gome la mti. Tena miongoni mwa nondo hao wamo wachache wanaomharibia mkulima, na wamo wengi wasiomdhuru, hata wengine humtendea mema asiyoyajua. Mtu asiyeweza kuwatenganisha huenda akamwua rafiki yake na kumwacha adui yake. Kwa hiyo yafaa kila mwenye mti wa matunda ajue dalili zao.

KIPEPEO NA NONDO

Kwanza hapana budi kutenganisha nondo na kipepeo. Vipepeo huruka mchana, na wengi wao watuapo husimamisha mbawa zao pamoja juu ya mgongo, kama mtu aliyeunganisha viganja vyake. Nondo wengi huruka usiku, nao watuapo hulaza mbawa, ama zimetandazwa bapa, ama zimeinama pande mbili kama paa la makuti.

Dalili nyingine ni vipapasio, yaani zile nyuzi mbili zilizo kichwani. Vya kipepeo vina kirungu kidogo mwishoni. Vya nondo aghalabu ni vyembamba mpaka nchani, au vina matawi kama unyoya wa ndege.

Watu wengi wasikiapo neno nondo humfikiri yule mdogo wa sandukuni, ambaye viwavi vyake hula nguo za sufu. Huyo ni mmoja tu katika kabila kubwa mno. Nondo wa msituni wengine ni wadogo kama ukucha, na wengine mbawa zao zikikunjuliwa hupita upana wa kiganja cha mtu mzima.

KWA NINI WANAJIFICHA

Nondo hana pembe wala mwiba wa kupigania. Mchana, ndege wanapotafuta chakula, yeye amelala. Silaha yake ni kutoonekana. Yule aliyefanana na gome la mti au na jani huponea, huzaa, na watoto wake hurithi rangi yake. Yule aliyetofautiana na mahali alipotua huliwa mapema. Jambo hili likiendelea kwa vizazi vingi, nondo wa mahali fulani hupata kufanana na mahali pao.

Mfano ujulikanao zaidi duniani ulitokea Uingereza. Huko yupo nondo mweupe mwenye vidoa vyeusi, atuaye juu ya miti yenye ukungu mweupe. Mwaka 1848, katika mji wa Manchester, alionekana mwenzake mweusi. Wakati ule viwanda vilikuwa vikitoa moshi mwingi wa makaa, na miti iliingia masizi. Nondo weupe wakaonekana wazi wazi juu ya miti myeusi, ndege wakawala, na weusi wakaongezeka hata wakawa karibu wote katika mji ule. Katika miaka ya 1953 na 1955 mtaalamu H. B. D. Kettlewell aliwafungulia nondo wa rangi zote mbili misituni, akaona ya kuwa kweli ndege huwala zaidi wale wasiofanana na gome. Baada ya sheria ya kupunguza moshi kupitishwa mwaka 1956, miti ilianza kutakata, na nondo weupe wakarudi. Mtaalamu mwingine, Michael Majerus, aliyarudia majaribio hayo huko Cambridge kwa miaka kadhaa mpaka 2007, naye akapata jawabu lile lile.

Kwa hiyo rangi ya nondo si pambo tu. Ni habari ya mahali anapolala, nayo ndiyo inayomsaidia mtu kumtambua.

MAKUNDI MANNE, KWA NAMNA WATUAVYO

Asiye mtaalamu hawezi kuyajua majina ya nondo wote. Lakini akiangalia jinsi nondo alivyotua, ataweza kuwagawa wengi wa wale wa Kwale katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni nondo wa gome. Miili yao ni myembamba, nao hutandaza mbawa zote nne bapa juu ya shina, zikaambatana na gome kama kiraka. Rangi zao ni kijivu na kahawia, pamoja na mistari myembamba ya mawimbi. Wengine wa jamii hiyo ni kijani, nao hutua juu ya majani mabichi. Kiwavi chao hujulikana upesi. Hakina miguu katikati ya mwili, basi hutembea kwa kujikunja na kujinyosha, mfano wa mtu apimaye kitambaa kwa shubiri. Kikitishwa hujinyosha na kukakamaa kama kijiti. Viwavi hivyo hula majani, lakini nondo wenyewe hawana nguvu ya kutoboa tunda.

Kundi la pili ni nondo wa mshale. Hawa ni wanene wa mwili, mbawa zao za mbele ni ndefu na nyembamba, nao watuapo hufanana na kigumba cha mshale au ndege ya vita. Wengi wana rangi ya majani makavu au ya ukuvu wa mti. Usiku huruka kwa kasi na kusimama hewani mbele ya ua, wakinywa asali yake kwa mrija mrefu.

Mkulima yeyote mwenye mipapai asiwaue hawa. Mpapai dume na mpapai jike aghalabu ni miti mbali mbali, na jike hauwezi kuzaa vema mpaka vumbi la ua la dume limefikishwa kwenye ua lake. Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya Kenya, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha ya kuwa kazi hiyo hufanywa hasa na nondo wa mshale wakati wa magharibi na usiku. Mtu anyunyizaye dawa jioni ili kuwakomesha nondo wote huenda akashangaa baadaye kwa nini mipapai yake inatoa maua na haizai.

Kundi la tatu ni nondo wenye macho. Ni wakubwa, wa rangi ya kahawia iliyoiva, na juu ya kila ubawa wa mbele wana alama ya mviringo kama jicho la bundi. Mmoja aitwaye kwa lugha ya wataalamu Cyligramma latona ana pia mstari mpana wa rangi ya maziwa ukatao mbawa zote. Mchana hujificha katika majani yaliyoanguka chini ya miti, penye mashina yenye kivuli, au chini ya paa la banda. Yeye hupenda maji ya matunda yaliyooza, na kwa sababu hiyo huonekana mara nyingi juu ya embe lililoanguka. Watu humkuta hapo wakamhukumu, lakini yeye amekuja baada ya karamu kufunguliwa na mwingine.

Kundi la nne ni nondo wa jani kavu, na huyo mwingine yumo humo.

NONDO MTOBOA MATUNDA

Nondo wa jani kavu hutua akiwa ameinamisha mbawa zake kama paa. Mbawa za mbele zina rangi ya jani lililokauka, kahawia iliyochanganyika na kijani au zambarau kidogo, tena zina mistari kama mishipa ya jani. Mbele ya kichwa hutokeza kitu kama mdomo wa ndege, mfano wa kikonyo cha jani. Akining'inia katika tawi, hata mtu mwenye macho makali atampita.

Lakini chini ya mbawa hizo ameficha jambo lisilotazamiwa. Akiguswa hufunua ghafula mbawa za nyuma, nazo ni za rangi ya machungwa iliyo kali, zenye ukingo mweusi. Ndege hushtuka kwa dakika ndogo, na nondo hupata nafasi ya kutoroka. Kisha hutua tena, hufunika mbawa zake, na ile rangi hupotea kama taa iliyozimwa.

Dalili hiyo ndiyo iliyo bora kuliko zote. Wawili wajulikanao zaidi katika nchi za joto za Afrika na Asia huitwa Eudocima phalonia na Eudocima materna. Mbawa za yule wa kwanza zikikunjuliwa, upana wake huwa kiasi cha sentimita 8 hadi 10. Katikati ya ubawa wake wa nyuma pana alama nyeusi iliyopinda kama figo. Wa pili ana doa jeusi la mviringo mahali pale pale. Zamani wataalamu waliwaweka katika jamii iitwayo Noctuidae, na siku hizi wamewekwa katika jamii ya Erebidae. Msomaji akikuta majina yote mawili katika vitabu, asidhani ni wadudu wawili.

Jambo la tatu la kuangalia ni mrija wa kunywea. Nondo wengi wana mrija laini, nao hauwezi kutoboa ganda la tunda. Wako hata wasio na mrija ufaao kitu, kama wale nondo wakubwa wa jamii ya hariri ya mwitu, ambao wakiisha kutoka katika vifuko vyao hawali kabisa mpaka wafe. Mrija wa mtoboa matunda ni mgumu, na nchani una meno na kulabu ndogo zinazoonekana kwa kioo cha kukuzia. Huusukuma na kuuzungusha kama keekee ya seremala mpaka umepenya ganda la chungwa, ndipo hunywa maji ya ndani. Baada ya yeye kuondoka, ukungu na vijidudu vya kuozesha huingia kwa njia ile ile. Kwa hiyo hasara kubwa si yale maji aliyokunywa, bali ni ule mlango aliouacha wazi.

Hatoboi machungwa peke yake. Hutoboa pia maembe, mapera, mapapai, ndizi, makomamanga na nyanya.

TUNDU LA NONDO NA TUNDU LA NZI

Kuna adui mwingine anayechanganywa naye, yaani nzi wa matunda. Nzi mmoja wa asili ya Asia aligunduliwa Kenya katika mwaka 2003, na tangu hapo amewatia wakulima wa maembe katika hasara kubwa. Wataalamu walimpa jina Bactrocera invadens mwaka 2005, na mwaka 2015 wakathibitisha kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia.

Kuwatenganisha si kazi ngumu. Mkulima apasue tunda kwa kisu mahali penye kitundu. Akikuta funza weupe wanaotambaa ndani ya nyama, huyo ni nzi, kwa maana nzi hutoboa ili atage mayai. Akikuta nyama iliyonyauka na kuwa kama sifongo chini ya kitundu, wala hapana funza, yaelekea ni nondo, kwa maana nondo hutoboa ili anywe tu. Lakini apasue tunda lililotobolewa karibuni. Likikaa sana chini, wadudu wa kila namna huingia, na ushahidi hupotea.

Tofauti hii ina faida ya fedha. Mitego ya kuvutia nzi haimkamati nondo, na mfuko wa fedha uliotolewa kununua mitego hiyo kwa ajili ya nondo umetupwa baharini.

KIWAVI HAYUMO SHAMBANI

Wadudu wengi waharibifu huzaliwa juu ya mmea ule ule wanaouharibu. Nondo mtoboa matunda si hivyo. Hutaga mayai juu ya mimea itambaayo ya msituni, hasa ya jamii iitwayo Menispermaceae, ambayo mingi yake ina majani yenye umbo la moyo. Kiwavi chake hula majani ya mimea hiyo. Pande zote mbili za mwili kina alama mbili kama macho, nacho kikitulia hukunja kichwa chini na kuinua sehemu ya nyuma, kikawa kama kitu cha kutisha. Kikiisha kukua hujifungia kati ya majani yaliyoshonwa kwa nyuzi, na baadaye hutoka nondo mzima, ambaye huruka usiku mpaka kwenye mashamba ya watu.

Ndiyo sababu mkulima anyunyizaye michungwa yake mchana hapati faida kubwa. Mayai hayako pale, kiwavi hakiko pale, na nondo mwenyewe atakuja usiku kutoka mahali pengine.

Huenda mtu akasema, basi na tuufyeke msitu. Hilo ni kosa kubwa kuliko la dawa. Nondo huyu huweza kuruka mbali, na mimea ile hutambaa hata katika vichaka vya kando ya njia. Ufyekaji wa kaya moja hautamzuia. Utakaowaondoa kwa hakika ni maadui zake: popo walao wadudu hewani, komba watembeao usiku matawini, ndege wa mchana, na nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya nondo.

Wazee wa Kidigo hawakuwa na kioo cha kukuzia, lakini waliyatunza makaya yao kwa miiko ya kutokata mti ovyo. Mwaka 2008 Shirika la UNESCO liliyaingiza makaya ya Mijikenda, na Kaya Kinondo ikiwa mojawapo, katika orodha ya urithi wa dunia. Tena wadudu wa msituni wenyewe wanaweza kuwa mali. Huko Gede, kaskazini mwa Mombasa, wanavijiji wakaao kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamefuga vipepeo na nondo tangu mwaka 1993, na vifuko vyao huuzwa nchi za ng'ambo kwa maonyesho.

LA KUFANYA

Mtu aliyekwisha kuhakikisha ya kuwa mwenye kosa ni nondo mtoboa matunda afanye haya yafuatayo:

1. Aingie shambani kwa tochi katika saa za kwanza za usiku, siku kadhaa mfululizo, wakati matunda yanapoanza kuiva. Macho ya nondo hung'aa mekundu katika mwanga wa tochi. Amkamate kwa mkono au kwa wavu na kumwua. Lakini kwanza atazame mbawa za nyuma, asije akamwua nondo wa mshale.

2. Avike matunda mifuko ya karatasi au ya kitambaa chepesi, kama shamba ni dogo, au kama ni matunda ya kuuza kwa bei nzuri katika hoteli za Diani.

3. Achume matunda yaliyokomaa mapema, asiyaache yakiva kupita kiasi mtini, kwa sababu harufu ya tunda lililoiva ndiyo imwitayo nondo.

4. Akusanye kila tunda lililoanguka na kulifukia chini sana. Tunda bovu huwaita nondo na nzi pamoja.

5. Kabla ya kununua dawa yoyote, ampelekee afisa wa kilimo wa karibu mdudu mwenyewe ndani ya chupa kavu, pamoja na tunda lililotobolewa.

Wakulima wa Japani wametumia njia nyingine, ya kuwasha taa za rangi ya manjano katika mashamba yao usiku kucha. Nondo huona kana kwamba ni mchana, hukunja mbawa na kutulia. Njia hiyo yataka umeme mwingi, wala haimfai kila mtu. Lakini yaonyesha ya kuwa aijuaye tabia ya mdudu aweza kumshinda bila sumu.

Basi mtu akutanaye na kitu kama jani kavu lililotua mahali pasipo mti wa jani lile, asipite tu. Aangalie limetuaje, aliguse taratibu kwa kijiti, aone rangi ya mbawa za nyuma. Zikiwa za rangi ya machungwa zenye ukingo mweusi, amempata mwizi wake. Zikiwa za rangi nyingine, amwache alale. Huenda ni yeye atakayeuhudumia mpapai wake jua likishatua.